Petroli Katika Gari la Mama Mkwe
Sehemu ya Sita: Mkaguzi Abisha Hodi

Mlioniacha wiki jana nimejifungia chooni na barua ya bima mkononi, poleni kwa kusubiri. Nimetoka. Barua bado ninayo, na aibu pia.

Kwa aliyelikosa gazeti kwa sababu zake, nimkumbushe upesi. Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na moja huu, na wanafunzi wangu huniita Mwalimu Klachi nikiwapa mgongo. Wiki tatu zilizopita niliazima gari la mama mkwe wangu nikamchukulie majora ya kitambaa. Gari lake ni la dizeli. Wakati wa kurudi nikasema ngoja nimfurahishe, nisimrudishie gari na tenki linalia. Nikapita kituo kile ambako magari ya shule yetu hujaza kila siku. Mhudumu wa pampu akaniuliza, "Mwalimu, nitie nini?" Nami nikamjibu jibu ninalompa kila siku ya Mungu.

"Kama kawaida."

Kawaida yetu ni petroli, lita kumi.

Asubuhi yake mama mkwe akalichukua gari lake bila habari, akaongeza mafuta kituo kingine huku simu iko sikioni, akapanda kilima na mzigo wa sare za shule. Gari likakohoa, likatoa moshi, likazima. Fundi alipolifungua akasema, "Mama, humu kuna petroli." Hata sijavuta pumzi, mama mkwe akajishika kifua akasema, "Ni mimi. Nilikuwa nazungumza na simu."

Na mimi, wasomaji wangu, nikaufyata.

Mmoja wenu ameniandikia kuniita mnafiki. Nimeisoma barua yake mara mbili. Ana mwandiko mzuri.

Sasa hiyo barua ya bima. Kwa kifupi ilisema hivi: injini imekufa pamoja na pampu yake, kuitengeneza ni ghali kuliko gari lenyewe, kwa hiyo gari limefutwa. Wao watachukua mabaki, mama mkwe atalipwa thamani ya gari. Ila kwanza mkaguzi atafika Alhamisi saa nne asubuhi, achukue maelezo ya aliyetia mafuta, kwa mdomo wake mwenyewe na sahihi yake.

Alhamisi saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa mama mkwe. Mke wangu alikuwa ametangulia. Yeye ni mfamasia, alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, maana mambo ya fomu ameacha kuniamini tangu siku ya kuandikisha ndoa yetu, nilipoweka jina langu mahali pa bibi harusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa. Si hapo, hapo pana pini."

Nikakaa kwingine, kumbe nako pana pini. Sikulalamika. Siku hizi nikiumia katika nyumba ile naona ni haki yangu.

Sebule ya mama mkwe ndiyo kiwanda chake. Kuna cherehani tatu, meza ya kukatia, na sare zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. Anavisha watoto wa shule nne. Alikuwa amesimama anapiga pasi kola za mashati, moja baada ya nyingine, mkono hautetemeki.

Ndipo nilipoziona karatasi. Vipande vidogo vya karatasi, vimeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu, vimebanwa kwa pini kila mahali. Mlangoni: FUNGA. Ukutani juu ya pasi: ZIMA. Kwenye cherehani ya kwanza: MAFUTA YA CHEREHANI, CHUPA NYEUPE.

"Mama, hizi ni za nini?"

"Za kunikumbusha."

"Lakini chupa nyeupe umekuwa nayo miaka mingapi?"

"Mtu aliyetia petroli kwenye gari la dizeli anaweza kutia chochote popote," akasema, na kola nyingine ikalala chini ya pasi. "Dada yangu alianza hivi hivi. Leo kasahau mafuta jikoni, kesho kasahau mlango, mwisho akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Sitaki kuwasumbua wanangu. Nimeamua mapema, kabla sijaamuliwa."

"Umeamua nini, Mama?"

Akaninyooshea bahasha. Ndani mlikuwa na leseni yake ya udereva. Juu ya bahasha ameandika: IRUDISHWE.

Hapo nimeze mate niwaeleze. Mama mkwe alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na minane, mwaka mmoja baada ya mume wake kufariki. Nilimfundisha mimi. Nimefundisha vijana wenye misuli na mabwana wenye majivuno, ila aliyeegesha vizuri kuliko wote ni yeye. Siku alipopata leseni aliendesha kutoka kwenye mtihani mpaka nyumbani, akazunguka mtaa mzima mara mbili, eti alikuwa hajaridhika na kona. Tangu hapo hakumngoja mtu. Sare zikiisha leo, leo zinafika.

Sasa wiki tatu anangoja pikipiki ya mizigo. Shule moja imechoka kungoja na yenyewe, imempa kazi fundi mwingine.

"Mama," nikaanza. Naapa nilianza. "Mama, kuna jambo nataka kukuambia kuhusu hilo gari."

Akaweka pasi chini, akanitazama kwa macho ya upole ambayo mpaka leo yananiwasha.

"Najua unataka kunifariji," akasema. "Wewe mkwe wangu una moyo. Mkwe mwingine angenicheka, angesimulia kwa rafiki zake. Wewe wiki tatu hujanitamkia neno moja baya. Nilimwambia binti yangu, huyu mume wako ana adabu."

Mke wangu, aliyekuwa mezani anasoma makaratasi ya bima, akanitupia jicho lenye fahari.

Jambo nililotaka kusema likarudi lilikotoka.

Na msije mkadhani kosa langu ni kunyamaza tu. Ningekuwa nimenyamaza tu, leo ningejitetea. Usiku wa siku ya tatu mke wangu aliniuliza, "Hivi Mama yuko sawa kweli?" Nami badala ya kusema "yuko sawa kuliko mimi," nikajitia hamnazo, nikasema, "Umri nao, mke wangu. Tumwangalie." Nikaona nimesema neno la busara. Kesho yake mke wangu akampangia mama yake daktari wa wazee, Jumatatu ijayo, saa tatu.

Nje likasikika gari. Nikachungulia dirishani. Gari dogo jeupe lilikuwa linarudi kinyumenyume kati ya gari letu la shule na ukuta, nafasi ambayo mimi mwenyewe ningeitazama nikaenda kutafuta nyingine. Likaingia mara moja, bila kurekebisha.

"Huyo anajua," mama mkwe akasema. Alikuwa amesogea kuchungulia naye. Kisha akarudi kwenye pasi kama mtu aliyekumbuka kwamba mambo hayo hayamhusu tena.

Mlango ukagongwa. Nikafungua.

Alikuwa Bi Breki.

Hilo si jina lake, ni jina nililompa mimi, miaka mitatu iliyopita, alipokuwa mwanafunzi wangu. Akiona jani linapepea, breki. Akiona kivuli chake, breki. Nilimrudisha darasani mara nne, nikakataa kumpeleka kwenye mtihani. Mara ya nne alifungua mlango wa gari, akasema kwa utulivu, "Mwalimu, iko siku," akaenda zake. Nilicheka sana siku ile, na niliwasimulia wenzangu.

"Mwalimu Klachi," akasema. Ana faili kwapani na kalamu mbili mfukoni. "Sikujua nitakukuta."

"Bi... karibu. Karibu sana. Naona umejua kuegesha."

"Nilibadilisha mwalimu."

Mke wangu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Bi Breki akaingia, akamwamkia mama mkwe kwa heshima zote, akampa pole ya gari, akaomba ruhusa ya kukaa. Akakaa palepale penye pini. Pini ikamwogopa, hakuguna hata kidogo. Akafungua faili.

"Mama, hili ni jambo fupi. Nitauliza, utajibu, nitaandika, utatia sahihi. Mwalimu hapa atatia sahihi ya shahidi."

"Mimi?" nikasema.

"Kwani una haraka, Mwalimu?"

"Hapana. Sina."

"Haya. Mama, mafuta alitia nani?"

"Mimi," mama mkwe akasema. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Wapi?"

"Kituo cha njia panda. Asubuhi, kabla ya saa mbili."

"Uliomba mafuta gani?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nazungumza na mwalimu mkuu kwenye simu, anataka kaptula ziongezwe urefu. Lazima nilisema petroli. Si fundi ameikuta?"

Bi Breki akaandika. Mke wangu akainua ukurasa wa makaratasi yake. Huyu mwanamke husoma maandishi madogo kwa riziki, chupa za dawa kutwa nzima, kwa hiyo mkataba wa bima kwake ulikuwa kama bango la barabarani.

"Hapa ukurasa wa tisa," akasema. "'Mafuta yasiyostahili: hasara italipwa iwapo yametiwa na mwenye bima au dereva aliyetajwa kwenye fomu.' Mama ndiye mwenye bima. Kwa hiyo analipwa?"

"Analipwa," Bi Breki akasema. "Kila kitu kiko tayari ofisini, kinangoja sahihi."

Nikashusha pumzi niliyoishikilia wiki tatu. Nikapanga mambo yangu harakaharaka. Mama anatia sahihi, analipwa, ananunua gari jingine, anaendesha. Baada ya mwaka hivi, siku tumeshiba tumefurahi, namwambia ukweli na tunacheka wote. Mpango ulikuwa mzuri, na ulikuwa na kasoro moja tu.

"Hizo fedha mtazipangia ninyi," mama mkwe akamwambia binti yake. "Gari msininunulie. Mimi siendeshi tena."

"Mama, tulisema tusubiri daktari," mke wangu akasema.

"Daktari ataniambia ninachokijua. Na hizi cherehani, mbili nimeshazungumza na mtu. Nitabaki na moja, ya kurekebisha zipu za majirani."

Alisema hayo bila kulia. Afadhali angelia, ningepata cha kufanya, ningeleta maji.

Bi Breki akaacha kuandika. Akampa mama mkwe jicho refu, halafu akanipa mimi jicho fupi.

"Mama, kabla hujatia sahihi, kuna kitu kinanisumbua. Nilipolikagua gari kule yadi, nilikuta hii kwenye droo ya dashibodi."

Akatoa risiti. Ndogo, imekunjwa, ina doa la chaki ya kukatia nguo. Akaiweka juu ya meza, akaisukuma taratibu kwa kidole.

Mama mkwe akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi ya mtoto wa watu, akaivaa, akaisoma tena.

"Hii imeandikwa dizeli."

"Dizeli, Mama. Lita ishirini."

"Na ni ya asubuhi ile?"

"Tarehe ipo, saa ipo, kituo cha njia panda. Ulitia dizeli."

Pasi ilitoa mvuke peke yake. Mke wangu akaichukua risiti akaisoma yeye, mbele na nyuma, kama anavyosoma cheti cha daktari asiyemwamini.

"Lakini petroli ilikuwamo," akasema.

"Ilikuwamo," Bi Breki akasema. "Kwa hiyo ilitangulia. Mama, jioni ya siku iliyotangulia, gari alikuwa nalo nani?"

Nilitazama chini. Chini palikuwa na vifungo vitatu na kipande cha uzi wa bluu. Navikumbuka vizuri.

Nilidhani mama mkwe atapiga ukelele anitaje. Ningeshukuru. Badala yake akanigeukia pole pole, na usoni hakuwa na hasira, alikuwa na hofu.

"Mimi nadhani ulikuwa nalo wewe," akasema. "Ulikwenda kunichukulia majora. Au hiyo ilikuwa wiki nyingine? Naona kama ni jioni ile, lakini na petroli nayo nilikuwa naona kama ni mimi. Niambie wewe, mkwe wangu. Siku hizi sijiamini."

Mimi nikafungua mdomo, Bi Breki akainua kalamu.

"Mwalimu, kabla hujajibu, niseme jambo ili lisije likaonekana nimekutega. Kwenye fomu ya Mama, mahali pa madereva wengine, pameandikwa 'hakuna'. Kama petroli ilitiwa na mtu mwingine yeyote, ukurasa wa tisa hauna la kumlipa. Gari limefutwa, na Mama hapati kitu. Fomu ile alijaza nani?"

"Mimi," nikasema.

"Na hukujiandika?"

Sikujiandika. Nisikilizeni kwa nini, halafu mnicheke. Nilikaa na ile fomu, mke wangu yuko kazini, nikaona si heshima mkwe kujiandika kwenye gari la mama mkwe. Angesema huyu mtoto analimezea mate gari langu mapema hivi. Nikaandika "hakuna" kwa herufi nzuri, nikajipongeza kwa adabu. Na kila aliponiambia lichukue gari ukaniletee kitu, nililichukua kwa adabu ileile.

Sasa nikawa na maneno mawili mdomoni. Nikisema "Ulikuwa nalo wewe, Mama," anatia sahihi, analipwa. Hakuna wa kunipinga. Bi Breki angeandika nitakachosema. Mke wangu angelia kidogo ampeleke mama yake kwa daktari. Na mama mkwe angeniamini. Hilo ndilo lililonitisha, wasomaji wangu, kwamba angeniamini mimi kuliko kichwa chake mwenyewe.

Alikuwa bado ananitazama, midomo imefunguka kidogo, anangoja nimwambie akili yake ipo au imekwenda.

"Gari nilikuwa nalo mimi, Mama," nikasema. "Jioni ile ile unayoikumbuka. Unakumbuka sawasawa. Nilipita kituo chetu cha shule, nikaulizwa natia nini, nikasema kama kawaida. Petroli niliitia mimi."

"Nilijua tangu siku ile kwa fundi," nikaongeza, maana nilipoanza kumwaga niliona nimwage yote. "Ulipojishika kifua nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilijua."

Bi Breki akaweka kalamu juu ya faili.

"Somo la nne," akasema, hata hakunitazama. "Soma kifuniko, taja mafuta kwa sauti, simama umwangalie anayetia. Ulinisimamisha mbele ya darasa nikataja 'petroli' mara ishirini, kwa sababu nilisema 'yale yale ya jana'."

"Nakumbuka."

"Nilitaka tu kujua kama unakumbuka."

Mke wangu alikuwa ameweka makaratasi mezani. Nilimtazama nikatamani nisingemtazama.

"'Umri nao, mke wangu,'" akasema. Aliniigiza sauti vizuri sana. "'Tumwangalie.' Nimekwenda kuomba ruhusa kwa bosi wangu nimwangalie Mama. Nimemwambia bosi wangu mama yangu anasahau. Nimelia mbele ya mtu, wewe."

"Mke wangu..."

"Usiniite. Niache kwanza nikuangalie wewe."

Lakini mama mkwe hakuwa anatusikia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake na vidole vyake vinahesabu kitu hewani.

"Sketi arobaini na mbili, shule ya kilimani," akasema. "Kumi na tano kiuno inchi ishirini na mbili, ishirini kiuno ishirini na nne, saba zilizobaki ishirini na sita. Mashati themanini, mikono mifupi, isipokuwa ya yule mtoto mwenye kovu la moto, wa kwake mikono mirefu. Binti yangu, hebu tazama kwenye daftari."

Mke wangu akafungua daftari la oda. Akapitisha kidole. Kidole kikashuka mpaka chini, kikasimama.

"Ndivyo ilivyo, Mama. Yote. Na yule wa mikono mirefu hujamwandika."

"Sijamwandika, huyo niko naye kichwani," mama mkwe akasema. Akakaa. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, Mama."

"Wiki tatu nimelala nikijipima. Nikiamka nataja majina ya watoto wa dada yangu, mmoja mmoja, nione kama nitakosa. Kwa hiyo si mimi."

Mke wangu akaenda akamkumbatia, wakakaa hivyo. Mimi nilibaki na vile vifungo vyangu vitatu pale chini. Sikujua kama ni heshima kuinuka au kubaki, nikabaki nusunusu, magoti yamekunjika.

Bi Breki akafunika kalamu. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo si ya ofisi.

"Mama, mimi bado sijaandika kitu hapa. Alichosema Mwalimu nimekisikia kwa masikio, kwenye karatasi hakipo. Nikikiandika, fedha zako zinarudi zilikotoka, na mabaki ya gari utayabeba wewe. Nikiondoka sasa hivi nikasema nimekuta mgonjwa, nitarudi wiki ijayo. Mnaweza kuzungumza kwanza kama familia."

Mke wangu akainua kichwa. Mimi nikainua kichwa. Nisiwadanganye, kuna sehemu ndani yangu iliyosema kumbe yule niliyemrudisha mara nne ana roho nzuri hivi.

"Andika," mama mkwe akasema.

"Mama, fikiri," mke wangu akamwambia. "Ni gari zima. Hutapata lingine hivi karibuni."

"Nimefikiri wiki tatu, nimechoka kufikiri. Nikitia sahihi pale, nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimezeeka akili. Kuna karatasi ofisini kwa watu inasema hivyo, na jina langu liko chini. Gari nitalitafuta, nilitafuta la kwanza. Andika, binti yangu, andika yote. Na hilo la 'kama kawaida' uliandike kwa herufi kubwa."

Bi Breki akafunua kalamu. Aliandika bila haraka, kwa mwandiko wa kunyooka, na alipofika mahali pa kazi ya aliyetia mafuta akaniuliza ingawa anaijua.

"Kazi?"

"Unaijua."

"Lazima iandikwe kwa mdomo wako."

"Mwalimu wa udereva," nikasema.

Akaandika. Akanigeuzia karatasi. Sasa sikutia sahihi ya shahidi, nilitia ya mkosaji, na mama mkwe ndiye aliyekuwa shahidi. Sahihi yake ilikuwa nzuri, ina mkia.

Nilidhani yameisha. Bi Breki alikuwa anafunga faili, mke wangu amekwenda kuzima pasi, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha yenye urefu unaofaa. Mama mkwe akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mkwe wangu," akasema. Hakuwa amekasirika, na ningependa angekuwa amekasirika. "Nakushukuru umesema. Nina swali moja tu, halafu nakuacha. Hiyo risiti ingekuwa imepotea, wewe ungeniambia lini?"

Mke wangu akageuka na pasi mkononi. Bi Breki akaacha kufunga faili. Wote watatu walinitazama wakingoja jibu, na mimi pia nilikuwa nalingoja.